Bi Milimita, Bwana Inchi na chati ya watoto

Saa mbili asubuhi, Bi Milimita amepiga magoti kwenye sakafu ya kiwanda chake cha uchapaji, ambacho kwa kweli ni chumba kimoja chenye dirisha moja. Anatambaa taratibu kando ya karatasi ndefu ya plastiki, tepu ya chuma mkononi, miwani ikiwa imemshuka hadi ncha ya pua.

"Usinisemeshe," anasema bila kuinua kichwa. "Niko mia na kumi na tatu."

Anahesabu sentimita. Karatasi hiyo ni chati ya kupimia urefu wa watoto, ya kubandikwa ukutani, yenye picha ya kima anayepanda ngazi. Saa nne nesi mkuu wa zahanati atakuja kuikagua. Ikipita, zitachapwa sitini kwa zahanati sitini. Ikikosea, kazi inakwenda kwa mchapaji mwingine.

Hii ni sampuli ya pili. Ya kwanza ilikataliwa humu humu nyumbani, na aliyeikataa ni mama mkwe.

Jina la Bi Milimita alipewa na majirani. Mumewe, anayesimamia mashine ya kuchapia na ya kukatia karatasi, wanamwita Bwana Inchi. Wameoana miaka ishirini na miwili, wana watoto watatu na kompyuta moja, na kwenye hiyo kompyuta ndipo penye kasheshe.

Programu ya kupangia kurasa humtaka mtu achague kipimo anachotaka: inchi, sentimita, milimita au pointi. Ukishachagua, inakumbuka. Jioni mke huiacha kwenye milimita. Asubuhi mume huiamkia na kuirudisha kwenye inchi, kama alivyofundishwa na mjomba wake, aliyemrithisha ufundi pamoja na rula ya chuma isiyo na sentimita hata moja.

"Herufi napima kwa pointi, karatasi kwa milimita, na mume wangu kwa subira," anasema Bi Milimita.

"Inchi ni kipimo cha mtu mzima," anajibu mumewe kutoka nyuma ya mashine. "Milimita ni za kupimia sisimizi."

Wiki iliyopita Bi Milimita alitoka kwenda kununua wino, akamwachia mumewe kazi ya kupanga mistari ya chati. Kubadili kipimo kwenye kompyuta kungemchukua sekunde mbili. Thubutu! Bwana Inchi akabadili hesabu badala yake. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu, akasema, nani asiyejua? Akagawa, akapanga, akachapa.

Kumbe inchi ina sentimita mbili nukta tano nne. Ile nne aliyoidharau ikajirudia mstari baada ya mstari, chati ikarefuka kuliko inavyojisema. Mtu yeyote ambaye angesimama mbele yake angesomeka mfupi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mkwe, aliyepita kuwasalimu. Akavua viatu, akanyoosha shingo. "Haya, nisomeeni."

Kitambulisho chake kinasema sentimita mia na hamsini na mbili. Chati ikasema mia na arobaini na nane na nusu.

"Mimi? Nimepungua?" Mama mkwe aligeuka kuitazama chati kama mtu aliyetukanwa. "Juzi tu nimefikia rafu ya juu bila stuli!"

"Ni uzee, mama," mwanawe akasema.

"Uzee ni wa baba yako!"

Kwa siku tatu mama huyo hakumjibu mwanawe hata salamu. Lakini ni ugomvi huo uliomfanya Bi Milimita achukue tepu. Penye alama ya mia na hamsini, tepu ikasoma mia na hamsini na mbili nukta nne. Bwana Inchi naye akaja mbio na rula ya mjomba, akapima hapo hapo, uso ukamchanua.

"Inchi sitini kamili!" akasema. "Sasa kosa liko wapi?"

"Nilikaa chini nikacheka," anasimulia Bi Milimita. "Nikacheka weee. Halafu nikajikuta nalia."

Sababu ya kilio ni binti yao wa kwanza. Alipokuwa na miaka miwili alipimwa kwenye chati iliyobandikwa vibaya, juu kidogo ya sakafu, na kadi yake ikaandikwa kwamba amedumaa.

"Watu walininyooshea vidole. Eti simlishi mtoto. Nikamshindilia uji mpaka akiona kijiko anajificha chini ya kitanda. Miezi minne silali, najiuliza mimi ni mama wa namna gani. Kumbe mtoto hana kasoro, kasoro ni ya ukuta."

Siku hizi binti huyo anampita baba yake kwa nusu kichwa, kwa inchi na kwa sentimita.

Bwana Inchi anapangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Siku ile aliponikumbusha, nilijisikia vibaya," anasema. "Hii sampuli ya pili nimeiacha ipangwe na mwenyewe. Sikugusa kitu."

Saa nne kamili nesi anabisha hodi. Si mtu wa maneno mengi. Chati inabandikwa, yeye anatoa tepu yake na kupima kutoka sakafuni: hamsini, mia, mia na hamsini. Anarudia. Bwana Inchi amezima mashine.

"Iko sawa," anasema. "Chapeni zote."

Bwana Inchi anapiga makofi peke yake. Mama mkwe, ambaye hakuwa amealikwa lakini yupo, anavua viatu tena. Mwandishi wa habari hii, aliyesimama karibu, anaona wazi: mia na hamsini na moja. Bi Milimita anasogea, anavaa miwani, anatazama.

"Mia na hamsini na mbili, mama," anasema.

"Si niliwaambia?"

Nesi anakohoa na kutazama dirishani.

Chati zitakuwa tayari baada ya wiki mbili, lakini Bi Milimita hataki zichukuliwe na mtu wa mizigo. Amemwomba nesi ruhusa ya kwenda mwenyewe zahanati zote sitini, kupima kutoka sakafuni na kubandika kwa mkono wake. Mumewe atabeba gundi na ngazi. Wataanzia kwenye zahanati ile iliyoiandika kadi ya binti yao.

"Watakaopima sijui ni kina nani, na watoto sitawaona," anasema. "Lakini yupo mama atakayesimama pale anatetemeka, anasubiri kuambiwa. Basi akiambiwa, aambiwe kweli."