Kucha kwenye Mkono wa Kiti

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu sawasawa, Bi Misumari alijaza mdomo. Alichota misumari midogo ya kichwa bapa kutoka kwenye kopo, akaitupia kinywani kama mtu anayekula karanga, akaipanga kwa ulimi kwenye shavu la kushoto. Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa mpigo wake. Ulimi unasukuma msumari mmoja hadi kwenye midomo, vidole vinaupokea, nyundo inashuka, na mkono wa pili wala haujaacha kuvuta kitambaa. Makochi ya nusu ya mtaa yalikuwa yamepita mikononi mwake, au tuseme mdomoni mwake. Wateja waliomzoea walijua kuwa mpaka wakati wa chai fundi haulizwi swali la maneno mengi. Alijibu kwa nyusi: zikipanda ni ndiyo, zikikutana ni hapana.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vioo. Sponji zilisimama ukutani, mifupa ya viti vilivyovuliwa nguo ilijaa katikati, na dirishani alikaa wifi yake, dada wa mumewe, akishona mifuko ya mito kwa cherehani. Wawili hao walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu Bi Misumari alipoolewa, na utani wao ulikuwa kama redio ya jirani: huisikii mpaka siku itakapozimwa.

Basi asubuhi moja ikazimwa. Bi Misumari alichota misumari, akaitupia mdomoni, na papo hapo akaitema yote kiganjani. Wifi akasimamisha cherehani.

"Imeoza?" akauliza wifi.

Haikuwa misumari iliyooza. Lilikuwa gego la chini, upande uleule wa kushoto ambako chuma kilikuwa kikipangwa mwaka baada ya mwaka. Lilikuwa likimnung'unikia kwa wiki kadhaa, naye akilinyamazisha kwa karafuu na maji ya chumvi. Siku hiyo lilikataa kunyamazishwa. Akajaribu kuhamishia misumari shavu la kulia, lakini ulimi ni kama ng'ombe wa plau, umezoea mtaro wake. Alimeza mate vibaya akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na nusura ameze na msumari. Akaanza kuokota mmojammoja kutoka kwenye kopo. Kochi la kumalizwa asubuhi likafika jioni halijavaa mgongo, na dole gumba limepondwa.

Kesho yake alikuja na shavu kama andazi. Wifi hakumcheka. Alifunga karakana, akamshika mkono, wakaenda mtaa wa pili kwenye kliniki ya meno iliyo juu ya duka la viatu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwangalia kinywa kwa kijioo, akamweleza kwamba gego limekufa na chini yake pana usaha. Halizibiki, ni la kung'olewa. Ila kwanza ameze vidonge uvimbe upungue, kisha arudi. Akasisitiza kwamba vidonge vinazima moshi tu, moto unabaki. Akiliacha, uvimbe unaweza kushuka chini ya taya hadi kooni, na hapo itakuwa kulazwa hospitali, na sindano si moja tena.

Bi Misumari alisikia yote, lakini neno lililobaki masikioni lilikuwa lile la mwisho.

Hapa inabidi kijulikane kitu ambacho wifi alikijua na mtaa haukukijua. Mwanamke huyu aliyeshinda na sindano za kushonea makochi, nyingine zimepinda kama mwezi mchanga na ndefu kuliko kiganja, alikuwa hawezi kutazama sindano ya daktari. Alipokuwa mtoto alipata homa, akapelekwa zahanati, na alipoiona sindano akapiga mateke. Watu wazima wakamshika, kila mmoja na kiungo chake, na shangazi akamfunika uso kwa kitambaa ili asione. Kuchomwa kwenyewe hakukukumbuka. Alichokumbuka ni uzito wa ile mikono na joto la pumzi yake mwenyewe chini ya kitambaa. Wanawe alijifungua kwa macho yaliyofumbwa, na walipopelekwa chanjo, aliyewapeleka alikuwa baba yao.

Wifi aliwahi kumwambia ni aibu, mtu wa sindano kuogopa sindano.

"Yangu naishika mimi," Bi Misumari akamjibu.

Vidonge vikafanya kazi yake. Shavu likarudi, maumivu yakaisha, na Bi Misumari akatangaza kuwa amepona. Wifi akamkumbusha habari ya moshi na moto. Walibishana siku nzima juu ya hilo huku wakivisha stuli, mpaka akakubali kwenda.

Safari hiyo alifika hadi kwenye kiti. Akalazwa, taa ikaletwa juu ya uso, kila kitu kikaenda vizuri. Kisha akageuza shingo kidogo tu, akaona sinia limefunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa umbo jembamba refu. Kitambaa ndicho kilichommaliza. Alijiona tena mtoto. Akainuka, akamwambia daktari ameacha jiko linawaka, akatoka. Alipofika barabarani akakumbuka ameacha mkoba wake kando ya kiti, ikabidi apande tena ngazi zote mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi, auchukue, ashuke tena.

Wifi alimngoja chini, akasimuliwa kisingizio. "Jiko lenyewe la gesi," akasema, "na mtungi uliisha juzi."

"Kwa mwoga huenda kicheko," Bi Misumari akajitetea.

"Kicheko kipo, wifi, lakini ni changu."

Akajaribu tena baada ya siku chache, akaishia kwenye benchi. Alikimbia hata kabla hajaitwa, na mara hii alisahau mtandio, akarudi kuufuata huku amegeuzia uso ukutani. Mzee aliyekuwa akingoja zamu akamwambia kwa huruma kwamba wengine hutoroka mara moja tu, yeye anatoroka kwa awamu.

Lakini kiti kile hakikumtoka akilini. Katika dakika chache alizokilalia, mkono wake wa kulia ulikuwa umegusa kitu, nao mkono wa fundi hausahau. Ngozi bandia ya sehemu ya kuegemezea mkono ilikuwa imechanika, sponji imechungulia, na mtu ameibandika plasta ya kidonda. Plasta! Bi Misumari alikuwa mtu wa kushindwa kula akiona mshono umepinda. Alianza kumwambia wifi habari za plasta ile asubuhi, akarudia mchana. Wifi akamwacha aseme, halafu, macho yake yakiwa kwenye uzi, akauliza kwa nini asiende kukitengeneza.

"Kutengeneza kiti tu," Bi Misumari akasema.

"Kwani nimetaja jino?"

Akaenda. Alipanda ngazi na mkoba wa vifaa, na kwa mara ya kwanza hakusikia harufu ya dawa, maana alikuwa anaenda kazini. Daktari alishangaa kidogo, akafurahi, akasema kiti kinamtia aibu siku nyingi. Bi Misumari akafungua nati, akaichomoa mikono yote miwili ya kiti, akaipeleka karakana kifuani kama mtu aliyebeba watoto pacha.

Sasa, kazi ya makochi inamfundisha mtu kusoma uchakavu. Kochi likija kutengenezwa, linasema lenyewe. Ukiona limebonyea upande mmoja, ujue baba wa nyumba hiyo ana mahali pake na hapakaliwi na mwingine. Doa la mafuta kwenye mgongo ni la anayelala akitazama televisheni. Kitambaa kilichoisha kwenye ukingo wa mbele ni cha nyumba isiyo na amani, watu hawaegemei, wamekaa tayari kuondoka. Bi Misumari alikuwa akiwatania wateja kwa mambo hayo, nao wakidhani ameambiwa na majirani.

Akaiweka mikono ya kiti mezani, akabandua plasta, akainama.

Ngozi haikuchakaa kwa kuegemewa. Juu palikuwa bado panang'aa. Ilichanwa kwa chini, kule vidole vinakojikunja, na michano ilikuwa mifupi, yenye umbo la mwezi, mingine juu ya mingine. Kucha. Za watu wengi, wa mikono mikubwa na midogo, wa kulia na wa kushoto. Akaweka vidole vyake juu ya ile alama, vikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Akaviacha palepale, akainama zaidi. Wifi akadhani jino limeanza tena.

"Njoo uone," Bi Misumari akamwita. Wifi akaja, akatazama, hakuona kitu, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa cherehani. Ikabidi aelezwe. Kisha Bi Misumari akasema polepole, kama anayejiambia, "Wote hawa walikaa. Waliogopa hivi, na hawakuondoka."

Wifi alikuwa na utani tayari mdomoni. Akaumeza.

Bi Misumari akaivisha upya ile mikono kwa ngozi nzito ya kijivu, na chini, palipochanwa, akaongeza tabaka la sponji laini, ili atakayekuja kushika apate cha kushika. Misumari aliiokota kwenye kopo mmojammoja. Lile shavu lilikuwa limeanza kujaa tena, na usiku uliopita maumivu yalimfikia hadi sikioni. Alijua kuwa siku za kuchagua zinaisha.

Akairudisha alasiri, wakati daktari amemaliza wagonjwa. Wifi alimsindikiza, akakaa kwenye benchi nje, karibu kabisa na mlango, na kila aliyemjua alielewa kwa nini amekaa pale. Bi Misumari akafunga nati, akavuta, akatikisa. Halafu akafanya alichofanya kwa kila kiti kilichowahi kutoka mkononi mwake: alikaa, akafumba macho, akangoja kuona kama atasahau kwamba amekaa. Fundi asiyekalia kazi yake ni kama mpishi asiyeonja mchuzi.

Daktari alikuwa akiosha mikono.

"Walinishika nikiwa mtoto," Bi Misumari akasema, macho bado yamefumbwa. Akamsimulia, kwa maneno machache, habari ya zahanati na kitambaa cha usoni.

Daktari akavuta kistuli, akakaa chini kidogo kuliko yeye. Akamwambia hapa hakuna wa kumshika, hata msaidizi amekwenda nyumbani. Akamweleza atakachofanya, kitu baada ya kitu: atapaka dawa kwenye fizi kwanza, ife ganzi kwa juu, sindano itapita polepole, akitaka kuitazama aitazame, asipotaka asitazame. Na akiinua mkono, kwa sababu yoyote au bila sababu, kazi inasimama.

"Nikiinua nikiwa na uongo tu?"

"Hata kwa uongo, mama."

Bi Misumari akamwomba aondoe kile kitambaa kwenye sinia. Daktari akakiondoa. Bi Misumari akafungua jicho moja. Sindano ilikuwa nyembamba kuliko aliyokuwa akishonea vifungo vya mito. Haikumpa ushujaa, la, moyo ulikuwa unampiga kama cherehani ya wifi. Lakini sasa ilikuwa sindano, haikuwa umbo chini ya nguo.

Dawa ya kupaka ilikuwa chungu-tamu. Daktari aliposogea, vidole vya Bi Misumari vikajikunja vyenyewe kuelekea chini ya mkono wa kiti, kule kule. Vikagusa mshono wake mpya. Akakumbuka alivyouvuta ule mshono, na gundi bado haijakauka vizuri. Akaona haya kuuchana kwa kucha zake siku ileile. Akavifungua vidole, akavilaza juu wazi, akavishikilia pale kwa nguvu zake zote za fundi.

Kisha akainua mkono.

Daktari akasimama papo hapo, sindano ikarudi nyuma. Hakukunja uso wala kutazama saa. Bi Misumari akahesabu pumzi zake, akaona kweli amesimama, akaushusha mkono.

"Nilikuwa napima," akasema. "Endelea, mwanangu."

Palichoma. Palichoma kama kuumwa na siafu mmoja, siafu ambaye alikuwa amemkimbia maisha yake yote, halafu mdomo ukaanza kunenepa na kuhama, ukawa kama wa mtu mwingine aliyekaa karibu. Gego lenyewe liling'oka kwa kusukwasukwa na mlio wa ubao mkavu, na hakuna aliyemshika popote. Daktari akamwonyesha. Lilikuwa na shimo, na ubavuni limekwanguliwa mistari midogo midogo. Bi Misumari aliitambua mistari hiyo kuliko mtu yeyote. Misumari ilikuwa imeandika jina lake humo.

Akapewa pamba ya kung'ata na maagizo: asisukutue leo, amalize vidonge vipya alivyopewa, na chuma kisiingie tena kinywani, si wiki hii wala wiki zijazo. Kama mambo yatakwenda shwari, hana haja ya kurudi. Kwenye hilo la chuma nyusi za Bi Misumari zilikutana, halafu, baada ya kufikiri, zikapanda.

Akakusanya nyundo, koleo na spana, akavitia mkobani kimoja baada ya kingine. Akapitisha kiganja chini ya mkono wa kiti, mara moja, kama anayeaga. Ngozi ilikuwa nzima.

Mlango ulipofunguka, wifi aliruka kutoka kwenye benchi na kuziba njia ya ngazi kwa mikono miwili, tayari kumrudisha. Akauona uvimbe wa pamba. Akaishusha mikono. Macho yakamjaa maji, na ili asionekane akarudia utani wake.

"Umesahau nini leo? Mkoba?"

Bi Misumari akainua mkoba.

"Mtandio?"

Akagusa kichwa.

Wifi akachungulia ndani ya chumba, juu ya kiti, chini ya kiti, akakosa kitu cha kumrudisha. Alipogeuka, Bi Misumari alikuwa tayari amefika kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta, mdomo umepinda upande kwa ganzi na huenda pia kwa kucheka. Akashuka, akapita mlango wa duka la viatu, akaingia barabarani, na safari hii hakurudi.