Boti Iliyoahidiwa Ng'ombe

Nilifika Lamadi nikitokea Kahama, nikiwa na begi moja na mpango wa kulala kidogo kwa dada kisha niendelee hadi Bariadi, tulikozaliwa. Kila baada ya miaka michache hunishika hamu ya kuiona ile njia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba, ingawa najua siku hizi ni lami, na najua pia kwamba nikishaiona nitatafuta sababu ya kuondoka. Dada alinipokea kwa mwadila, salamu yetu ya Kisukuma, akanimiminia maji ya kunawa, na kabla sijamaliza ugali akaniambia kwamba nimekuja wakati mzuri. Kaka yetu mkubwa alikuwa anakuja kutoka Lagangabilili na trekta lenye tela, kuchukua boti.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kaka hajawahi kuvua hata kambale wa kwenye dimbwi. Ana ng'ombe, na mbali na ng'ombe ana ng'ombe wengine. Lakini maelezo yalikuwa rahisi. Karibu na kwake kumechimbwa kisima cha pampu, na alihitaji birika refu la kunyweshea mifugo. Alipokuja kutembea Lamadi aliiona boti ya shemeji imepumzika mchangani, akaipima kwa hatua zake, akaona ng'ombe wanaweza kupanga mstari pande zote mbili wakanywa bila kusukumana. Boti isiyoingiza maji, alisema, haiwezi kuyatoa. Dada akamwahidi.

Shemeji hakukataa. Kwetu, mtu aliyekupa dada yake akiomba kitu, unakikoholea kwanza, huwezi kusema hapana moja kwa moja. Yeye ni mtu wa Ukerewe, amelikuta ziwa mlangoni tangu kuzaliwa, na kwa miaka mingi alivua sangara kwa nyavu hadi bega la kulia lilipogoma. Tangu hapo watoto wake wanaendesha duka la vipuri vya pikipiki, naye anakaa pale kama mteja asiyenunua. Kitu pekee kinachomtoa kitandani asubuhi ni ile boti. Huenda mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, huchota maji ya mvua yaliyoingia, huziba nyufa, huipapasa, hurudi. Dada alichoshwa na jambo hilo. Alisema mtu mzima hawezi kulea chombo kisichokwenda popote.

Ila shemeji aliomba kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya niahirishe safari yangu ya Bariadi. Aliomba aende ziwani mara moja na fimbo ya kuvulia ya mzungu. Akirudi na samaki aliyevuliwa kwa fimbo, boti inabaki. Akirudi mikono mitupu, kaka ataikuta imeshageuzwa kichwa chini, tayari kupakiwa.

Fimbo ilikuwa imeachwa, kabla bega halijagoma, na mgeni mmoja aliyefikia kwenye kambi ya watalii karibu na ziwa. Alimkodi shemeji ampeleke kutazama ndege, na kutwa nzima ile alikuwa akimsimulia habari za kwao. Kwao, alisema, kuna ziwa kubwa, ukiwa katikati huoni ng'ambo, na maji yake ni ya baridi hadi mkono unauma. Humo wamo samaki waitwao samoni na trauti. Watu huwavua kwa starehe tu. Hufunga samaki wa bandia kwenye uzi mrefu, huendesha boti polepole sana, na yule wa bandia hufuata nyuma akijitingisha hadi samaki wa kweli aingiwe na tamaa. Wengine wakishampata humpiga picha na kumrudisha majini.

Shemeji aliisimulia hadithi hiyo jioni ile akiwa ameipakata fimbo. Mimi niliuliza maswali mengi, maana sijawahi kupita mahali nikasikia habari ya namna hiyo. Je, samaki hajui kwamba plastiki haina harufu? Mbona mtu hachoki, kukokota kitu kutwa nzima bila kujua kama kuna anayekitazama? Dada alisikiliza huku anachambua mchele.

“Kwa hiyo wanamsumbua tu,” alisema.

Kisha akatoa sharti lake. Atakwenda nasi. Anatujua, alisema, tutakutana na wavuvi wanaorudi, tutawabembeleza watupe sangara mmoja, halafu tumletee hadithi.

Pale mwaloni wanawake hununua samaki, huwaparua, huwakausha, huwabeba, lakini hawapandi boti za uvuvi. Huingia majini hadi magotini kupokea ndoo, basi. Wanaume husema nyavu zikiguswa na mwanamke zinakuwa nzito kwa mikosi. Dada ameishi kwa samaki tangu aolewe na hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya boti. Lakini shemeji hakuwa na nafasi ya kubishana kuhusu mikosi, naye alishasema boti yake haina nyavu tena.

Asubuhi dada alikuja na ndoo zake mbili za kuoshea samaki, khanga kiunoni, na sura ya mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Waliokuwa wakishona nyavu walisimamisha sindano zao. Mmoja akamuuliza shemeji kama wafanyakazi wameisha Lamadi nzima hadi achukue mama watoto.

“Mimi ni askari,” dada akamjibu kabla shemeji hajafungua mdomo. “Mtuhumiwa ni huyu hapa.”

Wakacheka, na kicheko kile kilitusukuma majini vizuri kuliko mikono yao.

Mimi nilipewa usukani wa mashine, kwa sababu bega la shemeji lilikuwa la kulinda na fimbo ilikuwa yake. Ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Nilitumia muda nikiandika nane majini, dada akiwa ameshika kingo kwa mikono yote miwili, hadi mkono wangu ulipokubali. Tulipofika penye kina, shemeji alimtoa samaki wake wa bandia, mwenye tumbo la fedha na mgongo wa bluu, akamshusha nyuma. Akaachia uzi mrefu.

Taabu ya kwanza ilikuwa mwendo. Mashine ile ilizoea kukimbiza nyavu zenye uzito. Hata nilipoipunguza hadi ikakaribia kuzima, bado tulikwenda kasi, na samaki wa bandia alikuwa akirukaruka juu ya maji kama jani. Shemeji alisema mgeni alisisitiza polepole, mwendo wa mtu anayetembea huku anazungumza. Ndipo nikamkumbuka ng'ombe mkorofi wa nyumbani. Ng'ombe akizoea kuvunja ua na kuingia shambani, anafungwa gogo shingoni, linaning'inia mbele ya magoti yake. Anatembea, anakula, ila hawezi kukimbia. Nikasema tuifunge boti gogo.

Shemeji aliniangalia, akaziangalia ndoo za dada. Dada akasema zikipotea tutamnunulia zingine. Tulizifunga kwa kamba, moja kila upande, tukaziachia nyuma zijae maji. Boti ikatulia mara moja. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Baada ya hapo nilifanya ninachokijua. Nilichagua kilima kimoja ng'ambo, nikakielekezea pua ya boti na kwenda moja kwa moja, kama nilivyofundishwa kulima kwa plau: unatazama mti, hutazami mtaro. Nikifika mbali, nageuka kwa duara pana, kwa sababu ng'ombe wawili hawageuki papo hapo, halafu narudi sambamba na nilikotoka. Shemeji aliniacha kwa mistari kadhaa.

“Shemeji, hapa hatupandi pamba,” alisema hatimaye.

Mgeni alikuwa amemwambia boti iende ikipindapinda kama nyoka. Nilijaribu. Mkono ulikataa. Kila nikianza kupinda, naona aibu, kana kwamba kuna mtu pembeni ya shamba anayetazama mistari yangu.

Kulikuwa kimya isipokuwa mashine. Nilianza kuelewa kwa nini watu wa lile ziwa la baridi hawachoki. Macho yanabaki kwenye ncha ya fimbo, inatetemeka kidogo, na unajua chini huko kuna kitu chako kinatembea mahali usipoweza kupaona. Kinapita juu ya nani? Nani anakitazama? Dada naye alikuwa ameanza kuachia kingo. Alimuuliza mume wake kina kilikuwa kiasi gani. Akauliza kama sangara hulala. Alisema amepasua matumbo yao miaka yote hii, amekuta dagaa, amekuta furu, amekuta watoto wao wenyewe, lakini hajawahi kujiuliza wanakimbizanaje. Halafu akageuka kutazama nchi kavu, na akaniuliza ile nyumba ya bati la bluu karibu na minara ni ya nani.

“Ya kwako,” shemeji akamwambia.

Aliitazama muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kuiona kwa mbali.

Jua lilianza kuuma. Niliona shemeji akiinua kichwa kukisia saa kwa jua, na najua alikuwa akiliona akilini lile trekta. Nikafika mwisho wa mstari, nikageuka kwa duara langu la ng'ombe. Uzi ukalegea upande wa ndani wa kona, samaki wa bandia bila shaka akazama kidogo, akasita. Fimbo ikapinda hadi ncha ikagusa maji.

Sasa nitaeleza kilichotokea kama nilivyokiona, kwa sababu baadaye kilibishaniwa. Shemeji alikuwa na fimbo mkononi, na fimbo ina kigurudumu cha kukunjia uzi, ambacho alikizungusha sebuleni mbele yetu jioni nzima. Lakini alipousikia ule uzito, miaka yake yote ya kuvuta nyavu ilimwamkia. Akaitupa fimbo chini, akaudaka uzi na kuuvuta kwa mikono, mkono juu ya mkono, mguu mmoja kwenye ubao, akihema, bega bovu likifanya kazi kama jipya. Mimi nilisahau mashine. Dada alikaa juu ya fimbo ili isianguke majini. Sangara akaja juu, akatikisa kichwa kilichopanuka, akaenda chini ya boti, akarudi, na shemeji akampandisha kwa kidole ndani ya shavu. Alikuwa na urefu wa mkono wangu toka begani, macho ya manjano yakiwaka.

Tulicheka wote watatu. Shemeji alikuwa na mistari ya damu viganjani, naye hakuijali. Kisha kicheko cha dada kikaisha kwanza.

“Umemvua kwa mikono,” alisema.

Shemeji akauliza, kwani samaki si huyo hapo?

“Namwona. Ila fimbo nilikuwa nimeikalia mimi.”

Nikajaribu kumtetea. Nilisema aliyemshika samaki ni yule wa bandia, na yule wa bandia ni wa fimbo. Dada akanijibu kwamba mimi niendeshe. Makubaliano yalikuwa fimbo. Kuvuta kwa mikono hata babake shemeji alivuta, wala hapakuwa na haja ya kuja ziwani kulithibitisha hilo. Alisema bila ukali. Ndivyo anavyopima samaki pale mwaloni, anakiangalia kilichopo, si unachotamani kiwepo. Shemeji alitazama viganja vyake.

“Ni kweli,” alisema. “Nilisahau.”

Akaanza kukusanya uzi uliosambaa miguuni. Nikaizima mashine. Nilidhani tunarudi, na nikaanza kufikiria maneno ya kumwambia kaka ili angalau akae wiki moja kabla ya kuja.

Lakini dada hakuwa akitazama nchi kavu. Alikuwa ameiinua ile fimbo, ameiweka mapajani, anakizungusha kigurudumu mbele na nyuma akisikiliza kinavyolia. Akamuuliza mume wake mahali pa kuwekea kidole gumba. Shemeji akamwonyesha. Akauliza ukishavuta fimbo juu, unakunja uzi wakati wa kuinua au wakati wa kushusha. Shemeji akasema wakati wa kushusha, na hilo hasa ndilo alilopaswa kulifanya.

“Mtupe,” dada akasema.

Samaki wa bandia akarudi majini, meno ya sangara yakiwa yamemkwaruza mgongoni. Niliwasha mashine, nikatafuta kilima changu. Hatukupata kitu mstari ule, wala uliofuata. Mara moja fimbo ilipinda, na dada akaikunja yote kwa utaratibu, mgongo umenyooka, akaleta juu fungu la magugu maji. Akalitoa kwenye ndoano jani moja moja. Hakuonekana kuvunjika moyo hata kidogo.

Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka, akitaka kujua njia ya kuingia mwaloni ikoje, isije tela likazama mchangani. Nilimwambia dada anayepiga ni nani. Hakuondoa macho kwenye ncha ya fimbo.

“Mwambie ajijengee birika la sementi,” alisema. “Hii ina kazi.”

Kaka aliuliza kazi gani, boti imelala miaka. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia nitamweleza nikipita. Shemeji alikuwa amegeukia upande mwingine, anaosha damu mikononi, na aliendelea kuosha muda mrefu baada ya maji kuwa meupe.

Baadaye kidogo dada alimuuliza kama kule kwenye ziwa la baridi wanawake hupanda boti. Shemeji alisema yule mgeni alimwonyesha picha kwenye simu, mkewe amevaa koti zito na kofia, amekumbatia samoni kama mtoto.

“Na hukuniambia.”

“Hukuuliza, mama.”

Dada akalifikiria hilo. Kisha akaniambia nipunguze mwendo, na safari hii nikifika kona nigeuke kwa duara pana zaidi.