Kidevu cha Kalekye

Soko zima la Kangemi lilikubaliana kwamba Kalekye amejaa maringo. Mtu anauza sukuma wiki, halafu anakutazama kidevu kiko juu, utadhani wewe ndiye umekuja kumwomba! Hawakujua kwamba akikishusha anawaona wawili wawili, mmoja juu ya mwenzake. Chanzo kilikuwa tezi ya shingo. Ilitibiwa ikatulia, lakini ilikuwa imeshakaza misuli ya macho, na jicho la kulia likabaki limevutwa chini. Akikata mboga alikuwa hajui kidole chake ni kipi, na kisu hakina huruma.

Ndipo akakubali kupasuliwa jicho, hospitalini huko Upper Hill. Daktari Daksha alimweleza mapema: msuli unaolivuta jicho ungeachiwa, ushikwe na uzi ambao haujafungwa kabisa. Kesho yake, mgonjwa akiwa macho, uzi ungekazwa au kulegezwa kulingana na anachoona. Ukishafungwa, basi, haurekebishwi tena.

Kesho ikafika, bandeji ikatolewa. Kichwa kilikuwa kizito, na dunia ilimjia shaghalabaghala.

"Mama, angalia hiyo taa. Unaona ngapi?"

"Moja, daktari."

Kweli ilikuwa moja? Iliyumba, ikatulia, ikayumba tena. Lakini daktari wa watu alikuwa amehangaika sana, na aliyekupikia humwambii chakula hakina chumvi.

Daktari akainamia vifaa vyake ili afunge uzi. Ngina, bintiye Kalekye, akaruka kitini.

"Ngoja, daktari! Mwaitu, mama yangu, shusha kidevu."

"Si nimeshusha?"

"Hujashusha. Umekaa tu vile huwa unakaa sokoni."

Kalekye alichanganyikiwa. Angeapa mbele ya kanisa kwamba kichwa chake kimenyooka. Ngina akamshika taya, akamwinamisha polepole. Taa zikawa mbili.

"Ni mbili! Nisamehe, daktari, ni mbili."

"Hiyo sasa ndio nilikuwa nataka kusikia," Daksha akasema, akiulegeza uzi kidogo kidogo. "Usinifurahishe, mama. Niambie ukweli tu. Na saa hii?"

Taa ya juu ikateremka, ikaigusa ya chini, ikazama ndani yake. Kalekye akamgeukia Ngina. Alimkodolea macho mpaka msichana akaona haya, kisha mama mwenyewe akaanza kulia bila kujua analia nini.

"Mwaitu, unaniona?"

"Nakuona." Akanyoosha mkono, akapapasa hewa juu ya kichwa cha bintiye. "Na yule mwingine ameenda wapi?"