Baba Yenu Anaitwa Nani?

Mwezi uliopita, kwenye dirisha la hospitali moja hapa Tanga, nilisimama nyuma ya mzee mwenye kofia na kanzu kuukuu, akishikwa mkono na mama aliyevaa msalaba. Mzee namfahamu, hana nyumba, hulala barazani kwa muuza vitambaa. Mama ni wa kituo cha kanisa kinachowapa watu kama huyo mzee chai, mahali pa kuoga na msaada wa matibabu. Alimleta akaondolewe mtoto wa jicho.

Karani alimwamkia mzee vizuri, kisha akauliza, "Ndugu yako wa kutia saini yuko wapi?"

"Sina, mwanangu. Wote wametangulia."

"Bila ndugu itabidi tuahirishe, mzee."

"Ndugu yake mimi," mama akasema. "Andika dada."

Karani akautazama msalaba, akaitazama kofia. "Baba yenu anaitwa nani?"

Mzee akalitaja polepole jina la marehemu baba yake, na mama akatikisa kichwa kukubali. "Huyo huyo."

Karani akaandika bila kuinua uso, akamsogezea mama kalamu.

Kwenye karatasi ule ni uongo. Mimi namshukuru aliyeusema, na karani aliyejifanya kuuamini.

Jana nilimkuta mzee kituoni akichambua mchele, punje kwa punje. Nikamwamkia, akaniitikia huku akinitazama usoni, kisha akanionyesha yule mama jikoni.

"Yule dada yangu," akasema. "Kumbe naye ana mvi."