Fungua

Mtaani kwetu Nyakabiga umeme tuliuita moto. Moto umekwenda, moto umerudi. Na taa hatukuiwasha, tuliifungua. Fungua taa, funga redio: hivyo ndivyo tulivyosema wote, na walimu pia wakishatoka darasani.

Kaka yangu alikuwa mwaka wa mwisho shule ya ufundi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na fizikia ilikuwa inanishinda. Mwalimu wetu alichora saketi ubaoni kwa chaki, basi, maana chumba cha vifaa kilikuwa kimejaa watu waliokimbia vita kwao, na magodoro yao. Kwa hiyo kaka alinifundisha nyumbani, juu ya kitanda chake, kwa mawe mawili ya redio, yaani betri, vipande vya waya na ampuli ya tochi, ile balbu yake ndogo.

"Umeme hauendi mahali usipopata njia ya kurudi," aliniambia. "Lazima uzunguke. Njia ikikamilika, saketi imefungwa, ampuli inawaka. Ukiachanisha waya hapa, umefungua. Inazimika."

"Sasa yaya, fungua ni kuzima?" nilimwuliza. Yaya ndivyo nilivyomwita kaka.

"Kwa fizikia, eh."

"Na kwa mama?"

"Kwa mama fungua ni kuwasha. Usimuchanganye, atatupiga wote wawili."

Tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Kwenye mtihani niliandika vizuri, nikapata alama ambazo nilikuwa sijawahi kupata. Niliona nimeelewa.

Mwaka huo milingoti ya umeme ilikuwa imeangushwa huko milimani, na moto ulikuja ulipotaka. Wa kwetu haukuja kabisa, hata mtaa mzima ulipowaka, kwa sababu risasi ilikuwa imekata waya chini ya bati letu. Ule waya ulitoka chumba cha mbele cha ua wetu, alikopanga fundi cherehani mmoja, Mkongomani wa Uvira. Boutoni ya kuzima na kuwasha waya wetu ilikuwa ukutani kwake. Akienda sokoni alimwachia mama ufunguo.

Jumamosi moja asubuhi, mvua imetoka kukatika, kaka alisema ataunga ule waya. Mtaa mzima haukuwa na moto. Alibeba meza akaiweka ukutani, akanipa ufunguo.

"Nenda kwa fundi, ile boutoni uifungue. Halafu ubaki hapo hapo, asiiguse mutu."

Nilikwenda. Boutoni ilikuwa chini, imezimwa. Fundi aliizima mwenyewe kabla ya kuondoka. Nakumbuka nilisimama mbele yake, nikajiuliza kwa nini kaka anataka iwashwe na yeye anakwenda kushika waya. Ningetoka nikamwuliza. Lakini barabarani vijana wa ligala, wale wanaokaa pale kona yetu kutwa nzima, walikuwa wameanza kumtania.

"Fundi umeme! Ukimaliza kwenu ukuje kwetu!"

"Kwenu munalipa na nini? Na maneno?"

Mbele ya vijana wale sauti yangu ilikuwa haitoki. Tena yeye ndiye alikuwa anajua. Niliinua boutoni.

"Umefungua?" aliuliza kutoka juu ya meza.

"Nimefungua."

Wote wawili tulisema kweli.

Hakikutokea kitu, maana moto haukuwepo. Alifanya kazi kama dakika kumi, anapiga mluzi. Kisha nikasikia mtaa mzima umelia kwa furaha, watoto na akina mama, redio zinaanza kuongea kila nyumba: "Moto! Moto umerudi!" Kaka alikuwa ameshika waya kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuweka kwenye bati, na bati lilikuwa limelowa. Nilisikia meza inaanguka.

Ufunguo sikuutupa. Niliteremsha boutoni, nikatoka, nikafunga mlango wa fundi vizuri, ndipo nikaenda kwa kaka. Hicho ndicho ninachokionea aibu kuliko vyote.

Kwenye kilio watu waliuliza lile swali la miaka ile: nani amemuua? Haikuwaingia akilini kwamba mtu wa miaka ishirini anaweza kufa na hakuna aliyemuua. Siku ya tatu vijana wa ligala walikuwa wameshapata jibu.

"Boutoni iko kwa nani? Kwa huyu Mukongomani. Aliiacha juu makusudi."

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la waombolezaji, kofia mapajani.

"Mi niliizima," alisema. "Wazee, niliizima na mukono wangu huu."

"Utatuambia vizuri mbele kidogo. Simama."

Miaka ile mtu akiambiwa vile na akasimama, watu wa kwao walikuja baadaye kuuliza alizikwa wapi. Fundi alinitazama. Alijua ufunguo ulikuwa kwa nani. Akavaa kofia yake, akasimama.

Niliingia chumbani. Kichwani nilikuwa na maneno, mdomoni hakuna. Nikatoka na yale mawe mawili, waya na ampuli, nikapiga magoti mbele ya wanaume, nikaunganisha. Ampuli ikawaka.

"Hapa imefungwa," nilisema.

"Mutoto anasema nini?"

Nikaachanisha waya. Ikazimika. "Hapa nimeifungua. Shuleni fungua ni hii. Yaya aliniambia fungua. Mi niliwasha." Nikaunganisha tena, nikaachanisha tena, kama mara tano, sikuweza kuacha. "Ilikuwa imezimwa. Mi niliiwasha."

Mmoja alisema namtetea tu jirani. Mwingine akasema, apana, muacheni, mutoto hawezi kutunga kitu kama hicho. Kisha wote wakamtazama mama. Mama alikuwa anatazama ile ampuli.

"Fundi akae," alisema.

Fundi alikaa. Baada ya wiki alipakia cherehani yake kwenye mkokoteni akarudi Uvira, ambako nako hakukuwa salama. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu mzima.

Waya wetu ulikuja kuungwa na mtu mwingine. Mama hajanipiga, hajanitukana, ananipakulia chakula kama zamani. Lakini giza likiingia hanitumi tena. Zamani alikuwa akisema, mwanangu, fungua taa. Sasa, hata kama nimesimama karibu na boutoni na yeye amelala anaumwa mgongo, husema, "Acha," kisha anaamka mwenyewe, anapita mbele yangu polepole, na mimi namngoja gizani mpaka afike ukutani.