Ushuru Haujafika, Chumvi Imeshafichwa

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, na Nekoye anafungua gunia la chumvi katika soko la Eldoret. Anachota kikombe, anakimwaga, anachota tena. Macho hayatulii. Anamkodolea macho kila mwanamke anayetokea njia ya Yamumbi, kijijini kwao, mpaka amtambue.

"Kuja uone chumvi, mama! Bei ni ile ya zamani," anaita.

Wanunuzi wanamtilia shaka, na wana haki. Tangu fununu ienee kwamba ushuru utaongezwa kwa chumvi inayoshushwa Mombasa, maduka yamepandisha bei kabla ushuru wenyewe haujafika. Kikombe cha senti tano sasa ni senti nane. Wenye nacho wananunua kwa magunia, wasio nacho wanakula mboga chapwa.

Nekoye aliipata fununu hiyo nyumbani. Mumewe, Wepukhulu, hupakua mizigo stesheni, na makuli husikia mambo kabla ya makarani. "Aliniambia, nunua sasa, kesho tutalia," anasimulia. Usingizi ukamruka. Kulipokucha akachukua mtaji wote wa kibanda, akanunua magunia manne na kuyaegemeza kwenye ukuta wa udongo chumbani.

"Serikali inatoza mwenye meli, mwenye meli anatoza mwenye duka, mwenye duka ananitoza mimi," anasema. "Na mimi nitoze nani, kama si jirani?"

Kisha akatangaza sokoni kwamba chumvi imekwisha. Hilo lingesameheka. Lakini ng'ambo ya ua wake anaishi Jelagat, mwanamke wa Kinandi anayefuga ng'ombe. Kwa miaka mingi wawili hao hawajahesabiana kitu: chumvi ikivuka ua, maziwa yanarudi. Khisa, kitinda mimba wa Nekoye, amekuzwa na maziwa hayo. Jelagat alipokuja kuomba kikombe cha chumvi, Nekoye alimtazama usoni akasema hana hata punje.

Basi masika ya Uasin Gishu yakamuumbua. Chumvi ilivuta unyevu ikatota, maji yake yakanywewa na ukuta, na upande wa nje ukatoka utando mweupe. Ng'ombe wa Jelagat wakanusa. Juzi Nekoye aliamshwa na sauti ya kukwaruza, na alipotoka akakuta ndimi zao zimeshatoboa tundu. Jelagat, aliyekuja kuwatafuta, alikuwa ameinama akichungulia magunia.

"Hakupiga kelele," Nekoye anasema. "Alisema tu, 'Kumbe, Mama Khisa, ng'ombe zangu zimepata chumvi kabla yangu.' Akazifukuza, akaenda. Afadhali angenitukana."

Tundu limezibwa. Maziwa hayajaja tena, na Khisa anayaulizia kila akiamka.

Rael, auzaye mboga kando yake, anamwona amerukwa na akili kuuza kwa bei ya zamani. "Hii ikiisha utanunua ingine na nini?" anamuuliza. Nekoye anachota kikombe kingine. Anajua kwamba ushuru ukipanda kweli, huenda asimudu gunia jingine, na kibanda kitafungwa. Anajua pia kwamba hawezi kuigusa chumvi hii bila kuona haya.

Mara Jelagat anatokea. Anapita mbele ya gunia bila kugeuza shingo, anaingia dukani, anatoka na chumvi kidogo iliyofungwa kwa gazeti. Nekoye amesimama, anataka kuita. Anaketi.

Jioni, anasema, ataenda kwa Jelagat. Hatabeba chumvi, isije ikaonekana analipa. Atasimama mlangoni mpaka aulizwe anataka nini.

"Sitasingizia ushuru," anasema. "Nitamwambia niliogopa. Na vile niliogopa, yeye ndiye wa kwanza nilimfungia mlango."