Paja la Pasaka Nililolipika kwa Uongo

Mama mkwe wangu aliangushwa na nyama iliyobarikiwa kanisani, asubuhi ya Pasaka, mezani.

Mpishi nilikuwa mimi.

Tangu mume wangu afariki naishi na mama yake, Leokadia, kijijini karibu na mji wa Tarnów. Moyo wake ni dhaifu. Daktari alisema paja la nguruwe la kuchemsha linajenga mwili, ale vipande viwili vyembamba, mradi chumvi itolewe. Ikizidi, maji yanamjaa kifuani.

Paja letu hulala kwenye maji ya chumvi siku kumi. Kabla ya kuchemshwa huhamishiwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, nayo hubadilishwa mara tatu ili chumvi itoke.

Juma Kuu lile nilikuwa nashinda kanisani. Maji sikuyabadilisha hata mara moja.

Alhamisi Mama akaniuliza nimeyabadilisha mara ngapi. Nikamjibu bila kupepesa, "Mara tatu, Mama."

Ijumaa Kuu nikalichemsha. Sikuonja, maana siku hiyo kwetu nyama haigusi ulimi. Jumamosi likaenda kanisani kwenye kikapu, pamoja na mayai na mkate, padri akalinyunyizia maji ya baraka.

Jumapili nikang'ata kipande cha kwanza, pamoja na mzizi mkali uliokunwa.

Chumvi tupu.

Ningesema, uongo wangu ungetoka hapohapo. Nikamtazama akila cha kwanza, akala cha pili.

Akaanza kuhema. Uma ukaanguka.

Hospitali walimtoa maji siku tatu. Ya nne akafumbua macho, nikapiga magoti pale pale.

"Mama, nilikudanganya. Maji sikuyabadilisha."

"Najua," akasema. "Ijumaa ulipokwenda ibada nilikata pande kubwa kama kiganja, nikakuta chumvi tupu, nikalila lote. Njaa ilinishinda. Jioni miguu ikavimba, nikavaa soksi nene usione, na Jumapili nikala tena usije ukashuku."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, tungemwahi daktari.

"Nikuambie wewe? Mungu angenisamehe. Wewe ungenitazama kwa hilo jicho lako la kuhukumu mpaka Pentekoste."

Nilikosa pa kuuficha uso.

Alipona, namshukuru Mungu. Siku hizi nikibadilisha maji namwita aje aone, naye ananitania kwamba mtakatifu wa nyumba anakaguliwa.

Wewe unayesali sana kama mimi, waangalie watu wa nyumbani kwako. Mgonjwa akikuficha miguu iliyovimba kwa kukuogopa, kaungame wewe kwanza.